Pambizo

Boksi lilishuka Tabora kwa treni ya usiku,
limefungwa kamba ya katani, limeandikwa USILOWANISHE,
na juu yake mtu wa mizigo alikuwa ameweka gunia la samaki.
Nilipovifikisha Sikonge vilinuka dagaa wa Kigoma,
vijizuu mia tatu vya wokovu,
injili ndogo za kijani sitini,
na fomu moja ya taarifa.

Fomu ina safu tatu:
Vilivyogawiwa. Vilivyouzwa. Waliookoka.
Safu ya tatu ndiyo finyu kuliko zote
na ndiyo wanayoisoma kwanza kule ofisini.

Baiskeli yangu haina breki ya nyuma.
Njia ya Kitunda ni mchanga, mizizi ya miyombo, mchanga tena,
halafu mbung'o, wanaouma juu ya shati la Jumapili
bila kuuliza dhehebu.
Mwaka wa kwanza nilihubiri mpaka koo likakauka
kwa warina asali waliokuwa wakifunga mizinga ya magome.
Walinisikiliza kwa adabu, adabu ile ya Kinyamwezi
inayokupa kigoda, uji, maji ya kunawa,
na haikupi jibu.
Mmoja, Kasubi, alichukua kijizuu cha moto wa jehanamu,
akakipima unene kwa vidole viwili:
"Hiki kitawasha vizuri mwenge wa kufukuzia nyuki."
Nilimpa. Nikaandika: kimegawiwa kimoja.
Sikudanganya.

Nyanzobe wa Kiloleli alinunua injili
kwa mayai manne na kikombe cha asali.
Hakunitazama usoni; alitazama kurasa,
akazigeuza upesi kama mtu anayehesabu noti,
akauliza, "Wino unashika?"
Nikasema wino wa Neno haufutiki.
Akasema hakuuliza hivyo.

Kifuku kikapita. Nilirudi mwezi wa sita,
tumbaku ikiwa mabanini, kijiji kizima kikikohoa moshi wake.
Akakitoa kitabu ndani ya debe la unga.
Pambizo zote zilijaa.
Kwa penseli, kwa kalamu ya bluu, pengine kwa mkaa:
Mihambo, mbolea, elfu arobaini.
Kashindye, chumvi na sabuni, atalipa tumbaku ikiuzwa.
Mvua ya kwanza, tarehe kumi na nne.
Mtoto wa Wande, homa, Jumanne. Kazikwa Jumatano.
Madeni yalitambaa kando ya miujiza,
yakapita katikati ya wakoma kumi,
yakapanda mpaka Kalvari, na hapo, ubavuni mwa msalaba,
bei ya mahindi.

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika, Bwana anajua.
Kisha nikafika kwenye kisa cha wadeni wawili,
yule wa mia tano na yule wa hamsini,
nikaona Mihambo kapigwa mstari,
mstari mzito, uliotoboa karatasi.

"Alilipa?"
"Hakulipa."
"Basi nani alikwambia umsamehe?"
Nilisogea. Nilishika kalamu ya fomu,
pumzi nimeibana
kama mtu aliyesikia nyuki ndani ya mzinga mpya.
Nyanzobe alipepeta karanga mara mbili, mara tatu.
"Pale nafasi iliisha," alisema.
Akapuliza maganda.
"Na mkewe alikuwa mjamzito. Na nafasi iliisha."

Usiku ule nilijaza fomu kwa mwanga wa koroboi.
Vilivyogawiwa: mia mbili na kumi na moja.
Vilivyouzwa: tisa.
Waliookoka:
niliandika Mihambo, nikakumbuka
kwamba Mihambo hajawahi kukigusa kitabu,
nikafuta. Nikaandika Nyanzobe. Nikafuta.
Karatasi ikachubuka pale.
Sijui kule ofisini walisoma nini.

Asubuhi alinisindikiza mpaka mchanga unapoanza,
akisukuma baiskeli kwa nyuma, mkono mmoja,
mwingine umebeba asali ambayo sikuilipia.
"Ukirudi," alisema, "niletee kingine.
Maneno yawe yayo hayo.
Ila pambizo ziwe pana."